Chuo Chetu Kilikuwa Darasa la Kwanza

Sisi tulioingia ualimu mwaka 1976 kwa mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, hatukupanda basi kwenda chuoni. Chuo kilitufuata kijijini. Kilipofika kilikuwa na wakufunzi wawili, sanduku la vitabu vya masomo ya posta, na redio ya mwalimu mkuu ambayo mkewe hakupenda itoke nyumbani. Asubuhi tulifundisha, mchana tulifundishwa. Miaka mitatu baadaye serikali ilitupa cheti cha Daraja la III C, na tangu siku hiyo sijaacha kuulizwa kama mimi ni mwalimu kweli.

Watu wa umri wangu wanaijua asili ya jambo hili, lakini vijana wengi hawaijui. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote isingoje mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Ada ilikuwa imeshafutwa mwaka uliotangulia. Kwetu Handeni, Operesheni Vijiji ilikuwa imetukusanya juzijuzi tu, watu bado wanaezeka, na kila kijiji kipya kilitaka shule yake. Nchi nzima, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni moja na ushei mwaka 1974 hadi karibu milioni 3 mwaka 1978. Madarasa ya fito na udongo tuliweza kuyajenga wenyewe kwa nguvu za wananchi. Mwalimu hajengwi kwa fito. Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo, hata vingejazwa hadi jikoni, visingetoa walimu wa kutosha kwa muda ule.

Basi wakatazamwa waliomaliza darasa la saba. Tulikuwa tele. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Unaweza kuwa wa tatu au wa nne shuleni kwenu na bado ukarudi kushika jembe. Mimi nilimaliza mwaka 1974, nikakaa nyumbani nikilima mahindi na kusoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari.

Majina yetu yalipitishwa na serikali ya kijiji, mbele ya mkutano. Waliotakiwa ni wenye cheti cha darasa la saba, wenye alama za kuridhisha na tabia isiyotiliwa shaka. Kwa wavulana mjadala ulikuwa mfupi. Lilipofika jina langu, mzee mmoja alisimama akasema msichana ataolewa na kijiji kitapata hasara. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, akamjibu bila kusimama: "Akiolewa, ataondoka na ubao?" Mkutano ukacheka, mwenyekiti akaandika jina langu.

Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi kongwe kuliko zote katani. Wakufunzi wetu walikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo na mwalimu mwingine wa siku nyingi, wote wakiwa wamesoma chuoni enzi za ukoloni na miaka ya kwanza ya Uhuru. Wao nao walipewa mafunzo mafupi ya namna ya kutufundisha, kisha wakaachiwa kundi la vijana ambao wengine sauti ilikuwa bado haijakomaa. Kila mmoja wetu alipangiwa darasa la kwanza au la pili. Watoto walikuwa wengi kuliko madarasa, wakaja kwa zamu mbili. Na kwa kuwa uandikishaji ulikusanya kila aliyekosa shule miaka ya nyuma, darasani mwangu mlikuwa na mtoto wa miaka saba aliyekaa mkeka mmoja na kijana aliyeanza kuota ndevu.

Nataka niyaeleze mafunzo yale kwa kirefu, kwa sababu waliotucheka hawakuyaona.

Saa moja na nusu asubuhi unaingia darasani na andalio la somo mkononi. Andalio hilo ulilikamilisha jana jioni, ukalipeleka kwa mkufunzi, akalirudisha limejaa wino mwekundu. Somo lina hatua, kila hatua ina muda wake, kazi ya mwalimu upande huu, kazi ya wanafunzi upande ule, zana chini. Mkufunzi anaingia bila kubisha, anaketi nyuma kwenye tofali, hasemi neno. Ukimaliza anakufuata nje chini ya mwembe. Wa kwetu mmoja alikuwa na desturi ya kuanza na swali lilelile: "Yule wa kona ya kushoto amejifunza nini leo?" Hakuuliza tumefundisha nini. Aliuliza yule wa kona amejifunza nini. Ukishindwa kujibu, kesho unarudia somo lilelile, na yeye anarudi kwenye tofali lake.

Nilijifunza kufundisha kusoma kwa njia hiyo, mtoto mmoja baada ya mwingine. Silabi ziliandikwa kwenye maboksi yaliyokatwa: ba, be, bi, bo, bu. Mtoto anaziokota na kuziunganisha, anapata "baba", anapata "boba" na kucheka kwa sababu hakuna boba. Kitabu cha posta kilisema mtoto afundishwe kutoka analolijua kwenda asilolijua. Ni maneno mazuri, lakini yanaweza kupita sikio hili na kutokea lile. Kule kwetu ulikuwa umeyasoma saa nane mchana, na kesho yake saa mbili asubuhi unayajaribu kwa watoto hamsini na zaidi. Kama hayakufanya kazi, mchana unauliza kwa nini.

Hisabati ilikuwa vijiti. Tulifunga mafungu ya kumi kwa kamba za mkonge, na mkufunzi alituonyesha kwamba mtoto asiyeelewa kutoa kwa kukopa apewe fungu alifungue kwa mkono wake mwenyewe. Asiambiwe, alifungue. Nimeona walimu wa stashahada miaka ya karibuni wakiandika ubaoni "kopa moja" kisha wakashangaa kwa nini darasa zima limekopa mahali pasipo na deni.

Mchana tulikaa sisi kwenye madawati. Tulisoma Kiswahili, Hisabati, Siasa na somo la Elimu, ambalo ndilo lililokuwa na malezi, saikolojia ya mtoto na njia za kufundishia. Kila baada ya muda mkufunzi msafiri wa wilaya alikuja kwa baiskeli, mgongo wa shati umelowa, kutukagua sisi na wakufunzi wetu. Vipindi vya redio vilirushwa na Radio Tanzania. Tuliizunguka redio ya mwalimu mkuu, kalamu mikononi, na betri zilipoanza kuchoka tulizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu ya kipindi kimoja zaidi. Mara nyingine sauti ilikufa katikati ya maelezo ya sehemu na desimali, na mkufunzi akalazimika kumalizia kwa kichwa chake.

Masomo ya posta yaliandaliwa Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza yalifika kwa utaratibu. Kisha vikaja vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, malori yakaenda vitani, na kila kitu kikaanza kuadimika: mafuta ya taa, sabuni, karatasi. Tulisahihishiana. Daftari lilifutwa kwa mpira likatumika tena. Wino ulipokwisha, wakufunzi walisahihisha kwa mkaa uliochongwa, na bado tuliogopa alama zao.

Jioni tulikuwa na kazi ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha ualimu wa watoto: kisomo cha watu wazima. Kila mwalimu alitarajiwa kushika darasa. Langu lilikuwa na wazee wa mtaa wetu, na miongoni mwao alikuwapo mjomba wangu, kaka yake mama, mtu ambaye kwa desturi yetu sikuweza hata kukaa juu ya kiti mbele yake bila ruhusa. Tulipatana bila kuzungumza. Mlangoni mimi nilimpigia shikamoo, naye akaitikia. Akishaketi, mimi ni mwalimu, naye ananyoosha mkono. Siku alipokosea kuandika jina lake mwenyewe, akaweka herufi moja pungufu, darasa zima lilinitazama nione nitafanyaje. Nikasema, "Mjomba, hapo pamebaki nafasi ya herufi moja." Akaitafuta mwenyewe. Alifanya mtihani wa taifa wa kisomo wa 1977, na cheti chake akakitundika ukutani juu ya kitanda.

Sidhani kama chuo chochote kingenifundisha kusahihisha mtu mzima.

Kabla ya mtihani wa mwisho tulikusanywa kwa wiki sita katika chuo cha ualimu chenyewe, chenye bweni, maktaba na maji ya bomba. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona maktaba. Wakurufunzi wa chuo hicho, waliotoka kidato cha nne, walitupisha njiani kama wageni wa msiba, kwa adabu isiyo na ukaribu. Siku ya mazoezi ya kufundisha katika shule ya jirani, tulipangwa pamoja nao. Wao walikuwa na maneno mengi kutuzidi. Lakini watoto wa darasa la kwanza walipoanza kupiga kelele, macho yao yalitugeukia sisi.

Katika mpango mzima, nchi ilipata walimu zaidi ya 35,000 kwa njia hii. Ni idadi ambayo hata leo naona watu wakiisoma mara mbili.

Kisha tukapangiwa shule, na huko ndiko jina lilikotupata. Mitaani UPE ilipewa kirefu kingine: Ualimu Pasipo Elimu. Lilisemwa na wazazi wa mjini, likasemwa na watumishi wa serikali ambao wenyewe walifundishwa kusoma na walimu wa la nane, likaja kusemwa hata na watoto. Nilikasirika miaka mingi. Siku hizi, nikiwa nimestaafu na sina cha kutetea, naligawa jina hilo sehemu mbili. Nusu moja naikubali na nusu nyingine naikataa.

Naikataa kwa darasa la kwanza na la pili. Pale nasema wazi kwamba tulikuwa walimu bora kuliko wengi waliopita chuoni, kwa sababu tulijifunza kazi ile mbele ya watoto wale, kwa miaka mitatu, tukiwa na mtu nyuma ya darasa. Mwanachuo alifanya mazoezi ya kufundisha wiki kadhaa akarudi kwenye mihadhara. Sisi hatukuwa na pa kurudi.

Naikubali kwa darasa la sita na la saba. Mwalimu aliyeishia la saba hawezi kumvusha mtoto la saba. Mpango ulidhani tutabaki madarasa ya chini, na kwenye karatasi ilikuwa hivyo. Lakini wale watoto wengi walioandikishwa walipanda madarasa kila mwaka, na sisi tukapandishwa nao, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Shuleni kwetu tulifanya tulichoweza. Mwenye kichwa cha Hisabati alichukua riba na asilimia kwa madarasa yote, mimi nikachukua Kiswahili. Kiingereza kilibaki yatima. Aliyekifundisha alisoma sentensi kitabuni, watoto wakaitikia kwa pamoja, kengele ikalia. Kosa halikuwa la mwalimu yule, kwa maana alikuwa anatoa chote alichopewa. Lakini watoto wa vijijini ndio waliolipa gharama, na hesabu hiyo sijaona mtu akiifanya kwa ukamilifu. Tunapenda kusema UPE ilifuta ujinga, au UPE iliua elimu. Ilifanya kazi kubwa chini na ikaacha pengo juu, katika jengo lilelile.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba njia iliyotuingiza kwa haraka ndiyo iliyotukalisha shule maisha yetu yote. Aliyepitia chuo akiwa na kidato cha nne alimaliza akiwa na miaka ishirini na kitu, akafunga kitabu. Sisi kila tulipodhani tumefika, daraja lilisogezwa. Tulipanda kutoka C kwenda B kwa kozi na mitihani. Kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikataka mwalimu wa shule ya msingi awe wa Daraja la III A, mwenye ufaulu wa kidato cha nne. Mimi wakati huo nilikuwa na watoto wanne na mkopo wa mabati.

Kwa mtu ambaye hakukanyaga sekondari, njia ilikuwa mtihani wa maarifa kwanza, ule tulioujua kama QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na mitihani hiyo, isipokuwa Kiswahili, ilikuwa kwa Kiingereza. Fikiria mtu aliyesoma na kufundisha kila kitu kwa Kiswahili, anafunguliwa Baiolojia kwa Kiingereza akiwa na umri wa miaka karibu arobaini. Mwalimu wangu alikuwa kijana niliyemfundisha silabi darasa la kwanza. Alimaliza sekondari, akakosa kazi, akafungua genge la mitumba sokoni. Jumamosi alifunga mapema akaja kwangu. Alikataa pesa, ila hakukataa ugali. Aliniita mwalimu muda wote, hata alipokuwa ananisahihisha: "Mwalimu, hapa umesahau herufi ya mwisho tena." Alikuwa mkali kuliko nilivyomfundisha. Masomo niliyapata kwa mafungu, mwaka huu mawili, mwaka ujao moja, na matokeo yalipobandikwa nilituma mtoto akaangalie.

Mwenzangu mmoja wa kituo chetu alikwenda mbali zaidi. Chuo Kikuu Huria kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 1994 yeye alikuwa anahangaikia bado kidato cha nne, lakini alikiweka akilini. Akapata cheti, akapata cha sita, akasoma shahada ya ualimu kwa masafa huku akifundisha, akasafiria mitihani kwa malori ya mahindi. Alistaafu akiwa mkuu wa sekondari. Ukimwuliza alisoma wapi, anakujibu "njiani", na hatanii.

Mwaka 2002 ikaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada iliyokuwa imerudishwa kimyakimya, nayo kwa kejeli ya mambo ikaitwa ada ya UPE, ikafutwa, na watoto wakafurika tena. Nilisimama mlangoni siku ya kuandikisha nikaona 1977 imerudi na sare mpya. Safari hii sisi tulikuwa wakongwe. Pesa zilikuja za kujenga madarasa na za kutuendeleza walimu wa B na C tufike A kwa mafunzo kazini. Tulikusanyika siku za mwisho wa wiki katika kituo cha walimu, tukisoma moduli. Tuliporudi mezani, wanawake wenye miwani na wanaume wenye mvi, nilihisi niko nyumbani kabisa: kitabu mchana, darasa asubuhi. Mkufunzi kijana alitueleza habari za ufundishaji shirikishi kama kitu kilichogunduliwa juzi. Jirani yangu akaninong'oneza, "Haya si ndiyo yale ya vijiti?" Nikamwambia anyamaze tupate cheti.

Haikupita muda, sekondari za kata zikaota kila mahali na walimu hawakutosha. Serikali ikawachukua vijana wa kidato cha sita, ikawapa kozi ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mitaani wakaitwa vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu chapuchapu. Niliposikia jina hilo chumba cha walimu kikicheka, mimi sikucheka. Lakini pia siwaweki fungu moja na sisi. Wao walikuwa na elimu ya somo, tena nzuri. Walichokosa ni mtu wa kukaa nyuma ya darasa. Kijana wa miaka ishirini alipewa kidato cha pili chote peke yake, mkuu wa shule akiwa mjini kufuatilia ruzuku. Sisi tulipewa watu wawili wa kututazama kabla ya kupewa hata vitabu. Kama leo ningeulizwa nichague kipi kikatwe kwa sababu ya uhaba wa fedha, ningekata vitabu, ningekata redio, ningekata hata zile wiki sita za bweni, nikambakiza yule mtu wa kwenye tofali.

Uhakiki wa vyeti uliponifikia mwaka 2017, nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nilikwenda wilayani na bahasha nzito: cha la saba, cha C, cha B, cha QT, matokeo ya kidato cha nne ya miaka mbalimbali, cha A. Karani, mtoto mdogo mwenye kompyuta, alivipanga mezani mpaka vikaanza kuanguka. Akauliza kipi nilichoajiriwa nacho. Nikamwonyesha kile cha 1979. Akauliza chuo gani, kwa maana fomu ilikuwa na nafasi ya jina la chuo. Nikamtajia shule ya msingi ya kata yetu. Akasema, "Mama, hapa wanataka chuo." Nikamwambia aandike hivyohivyo. Benchi la kungojea lilikuwa limejaa wa rika langu, kila mmoja na bahasha yake, na wote walikuwa wanabishana na makarani juu ya nafasi hiyohiyo.

Wengi wa benchi lile wameshastaafu. Shuleni kwetu wameletwa vijana wenye stashahada na shahada, na kila Januari wanaomba wapangiwe darasa la tano na kuendelea. La kwanza linabaki kwa anayechelewa kufika kwenye kikao. Mwaka jana mwalimu mkuu alinipigia simu nije kuwaonyesha namna ya kuanza silabi. Nilimwuliza fungu la kunilipa linatoka wapi, akacheka kidogo kisha akaniambia nauli ya bodaboda atatoa yeye. Nilikwenda. Kabla sijashika chaki nilimwomba tofali, nikaliweka nyuma ya darasa, nikamwambia kijana mwenye shahada aanze yeye kufundisha.